Kijiji chenye watu elfu kumi: Ratoath na madai kwamba Ireland "imejaa"

Usiku wa tarehe 23 Novemba 2023 magari ya polisi, mabasi na tramu vilichomwa moto katikati ya jiji la Dublin. Kabla na baada ya usiku ule, kauli moja imekuwa ikibebwa kwenye mabango ya waandamanaji wa huko wanaopinga wahamiaji: Ireland imejaa. Kauli hiyo imesafiri mpaka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, ambako watu wenye ndugu kule wanauliza maswali yasiyopatana. Nchi yenye watu milioni tano imejaaje? Mbona shangazi anasema anaishi kijijini, lakini kodi ya nyumba inameza nusu ya mshahara? Na hicho kijiji chenye supamaketi, sekondari na foleni ya magari kila asubuhi ni kijiji gani?

Fundo hili haliwezi kufunguka kwa takwimu za nchi nzima peke yake. Ni afadhali kushika kijiji kimoja na kukifuatilia. Nimechagua Ratoath, katika Kaunti ya Meath, kwa sababu hesabu zake zinashtua. Mwaka 1991 kilikuwa na watu wasiofika 600. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya 10,000.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kwenye maneno. Ireland ninayoizungumzia hapa ni Jamhuri ya Ireland, nchi huru iliyojitoa katika utawala wa Uingereza mwaka 1922, mwanachama wa Umoja wa Ulaya inayotumia sarafu ya euro. Kaunti sita za kaskazini-mashariki zilibaki chini ya Uingereza, nazo ndizo Ireland ya Kaskazini. Watu wengi huzichanganya hizi mbili, na anayezichanganya hujikuta akiomba viza kwa ubalozi usiohusika. Jamhuri ina kaunti 26. Meath imepakana na Dublin upande wa kaskazini-magharibi, na Ratoath yenyewe iko kilometa 25 hivi kutoka katikati ya jiji.

Neno linalosumbua zaidi ni "kijiji". Kwa Mtanzania, kijiji ni ngazi ya utawala: kina mwenyekiti, mtendaji, halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Ireland haina kitu hicho. Kijiji cha kule ni jina la mahali tu. Hakina serikali yake wala bajeti yake, na mpaka wake hutegemea nani anauchora. Idara ya takwimu huhesabu mkusanyiko wowote wa makazi wenye watu 1,500 na zaidi kuwa ni eneo la mjini, kwa hiyo kwa kipimo hicho Ratoath ni mji tangu sensa ya 2002. Wakazi wake, hata hivyo, wanaendelea kusema wanakwenda "kijijini" wakimaanisha ile mitaa michache ya katikati yenye kanisa, baa na maduka. Wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa kipimo chake.

Anayeamua mambo ni halmashauri ya kaunti, yenye makao yake Navan, mji mkuu wa Meath. Yeye ndiye anayesema shamba hili lijengwe nyumba na lile libaki la ng'ombe. Mshike huyu, tutamrudia, maana ndiye mhusika mkuu wa hadithi hii.

Kwa nini mahali pazuri hivi palikuwa patupu

Ukisimama karibu na kanisa la Ratoath utaona kilima cha udongo kilichoinuka ghafla. Kilimwagwa na mikono ya watu. Mwaka 1172 Mfalme Henry II wa Uingereza alimpa mwinyi wa Kinormani, Hugh de Lacy, nchi yote ya Meath kana kwamba ilikuwa mali yake kuigawa. Wanormani, wapiganaji wenye asili ya Ufaransa waliokuwa wakitawala Uingereza, walishika ardhi kwa kujenga vilima kama hivi, wakaweka ngome ya miti juu, wakawatazama wenyeji kutoka huko. Ngome za mawe zilifuata baadaye, na ile kubwa kuliko zote iko Trim, katika kaunti hiyo hiyo.

Kwa karne nyingi Ratoath ilikuwa na hadhi kubwa kuliko ukubwa wake. Ilihesabiwa kuwa mji wenye haki ya kupeleka wabunge wawili katika Bunge la Ireland mjini Dublin. Msifikiri wakazi walikuwa na sauti. Wapiga kura walikuwa wachache, na kiti kilikuwa mfukoni mwa tajiri mmoja. Bunge hilo lilipovunjwa na Ireland kuunganishwa na Uingereza mwaka 1801, ilitolewa fidia ya pauni 15,000 kwa kila jimbo la aina hii lililofutwa. Fedha zilikwenda kwa mabwana waliokuwa wakiviendesha viti hivyo. Wakazi hawakuonja hata senti.

Halafu ikaja njaa. Mwaka 1845 ugonjwa ulishambulia viazi, chakula pekee cha mamilioni ya wakulima maskini ambao walilima ardhi ya mabwana kwa kulipa kodi. Mpaka kufika 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja wamepanda meli kwenda Marekani, Uingereza na Kanada. Muda wote huo ng'ombe na nafaka viliendelea kusafirishwa kwenda kuuzwa Uingereza. Hapo ndipo Meath inapoingia kwa namna yake. Udongo wa Meath una rutuba sana na nyasi zake hunenepesha ng'ombe haraka. Mtu angetarajia ardhi nzuri ivute watu wengi. Ilitokea kinyume: kwa bwana mwenye ardhi, ng'ombe walikuwa na faida kuliko wapangaji. Baada ya njaa mashamba madogo yaliunganishwa kuwa malisho mapana, familia zikaondoka, na kaunti yenye udongo bora ikabaki na ng'ombe wengi na watu wachache.

Utupu huo ulionekana hata na serikali mpya baada ya uhuru. Mwaka 1935 iliwahamisha familia 27 zinazozungumza Kiayalandi kutoka Connemara, pwani ya magharibi yenye mawe matupu, ikawapa mashamba Rath Cairn, Meath. Wajukuu wao wako pale hadi leo na lugha yao haijafa. Wakati huo Meath haikuwa imejaa, ingawa majirani wengine walinung'unika kuhusu wageni kupewa ardhi. Wageni hao walikuwa Waayalandi wenzao.

Hesabu ya jumla inasema hivi. Mwaka 1841 kisiwa kizima kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na katika eneo ambalo leo ni Jamhuri walikuwa milioni 6.5. Walipungua karibu mfululizo kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka mwaka 1961 Jamhuri ikabaki na watu milioni 2.8 tu. Sensa ya Aprili 2022 ilipata 5,149,139, na ilikuwa mara ya kwanza tangu 1851 kuvuka milioni tano. Kuna nchi chache sana duniani zenye watu wachache leo kuliko ilivyokuwa miaka 180 iliyopita, na Ireland ni mojawapo. Kwa hiyo ukiuliza kama ardhi ya Ireland imejaa watu, jibu ni hapana, na halihitaji ubishi. Kinachobaki kueleza ni kwa nini mtu aliyeko ndani yake hukosa pa kulala.

Niongeze jambo moja kabla ya kuacha historia, kwa sababu wasomaji wa Kenya watakuwa na kijiji kingine cha Ireland kichwani. Mapadri wa Kiltegan, waliofanya kazi Turkana kwa miongo mingi, wanaitwa hivyo kwa sababu shirika lao lilianzishwa mwaka 1932 katika kijiji cha Kiltegan, Kaunti ya Wicklow. Kiltegan kimebaki kidogo. Nacho si mbali sana na Dublin, lakini hakikukua kama Ratoath. Umbali peke yake, basi, hautoshi kuwa sababu.

Farasi, na siku moja ya mwaka 1916

Mpaka miaka ya 1990, Mwayalandi wa kawaida alilijua jina la Ratoath kwa jambo moja: mbio za farasi. Uwanja wa Fairyhouse, nje kidogo ya kijiji, ulianza mashindano mwaka 1848, njaa ikiwa bado haijaisha, jambo linaloeleza vizuri tofauti kati ya waliokufa na waliocheza. Tangu 1870 huchezwa hapo mashindano makubwa ya Irish Grand National, kwa desturi siku ya Jumatatu ya Pasaka.

Tarehe 24 Aprili 1916 ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Maofisa wengi wa jeshi la Uingereza waliokuwa Dublin walikuwa wamekwenda Fairyhouse kutazama mbio, ambazo farasi aitwaye All Sorts alishinda. Wakiwa huko, wapigania uhuru waliteka majengo muhimu ya jiji na kutangaza jamhuri. Siku nne baadaye, Ijumaa, kikosi kilichoongozwa na Thomas Ashe kiliwashinda polisi wa utawala wa Uingereza karibu na Ashbourne, kilometa chache kutoka Ratoath. Lilikuwa moja ya mapambano machache ambayo waasi walishinda juma lile. Kijiji chenyewe kiliendelea kulala. Treni ya Dublin kwenda Navan, iliyokuwa ikisimama jirani kwa ajili ya watazamaji wa mbio, iliacha kubeba abiria mwaka 1947, na baadaye reli ikang'olewa. Kumbuka hiyo reli.

Mkono uliokifanya kikue

Sasa tazama sensa. Mwaka 1996 Ratoath ilikuwa na watu 1,061. Mwaka 2002 walikuwa 5,585. Mwaka 2006, 7,249. Mwaka 2011, 9,043. Mwaka 2016, 9,533. Ukisoma safu hiyo kwa makini utaona mlipuko mkubwa ni ule wa kwanza: katika miaka sita kijiji kilizidi mara tano. Baada ya hapo kasi ilipungua, na baada ya 2011 ikawa ndogo kabisa.

Watu hawazaani kwa kasi hiyo. Walihamia. Lakini mtu hawezi kuhamia mahali pasipo na nyumba, na nyumba haziwezi kujengwa kwenye shamba la ng'ombe bila kibali. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani aliruhusu, na kwa nini hapo.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 mpaka 2007 uchumi wa Ireland ulipaa. Kampuni za Marekani za kompyuta na dawa zilijenga viwanda na ofisi, wahamiaji wa zamani wakaanza kurudi nyumbani, vijana hawakulazimika tena kwenda London. Ajira nyingi zilikuwa Dublin. Jiji hilo lina bahari mashariki na milima kusini, kwa hiyo linaweza kupanuka magharibi na kaskazini tu. Waayalandi wengi hawapendi kulea watoto kwenye ghorofa. Wanataka nyumba yenye bustani nyuma. Nyumba ya namna hiyo ndani ya Dublin ikawa ghali mno kwa mwalimu, muuguzi au polisi anayeanza maisha. Ukivuka mpaka kuingia Meath, bei ilishuka.

Ardhi ya Meath ilikuwa mikononi mwa wakulima wenyewe. Sheria za ardhi za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, hasa ile ya 1903, ziliwawezesha wapangaji kununua mashamba kutoka kwa mabwana. Mkulima wa Ratoath mwaka 1996 alikuwa na hati yake. Halmashauri ilipobadilisha matumizi ya ardhi yake kutoka kilimo kwenda makazi, bei ya ekari ilipaa papo hapo, bila yeye kugusa jembe. Thamani iliumbwa kwa kalamu. Tangu mwaka 1973 kamati iliyoongozwa na Jaji John Kenny ilishauri kwamba halmashauri ziruhusiwe kununua ardhi ya namna hii kwa bei ya shamba na kuongeza asilimia 25, ili faida inayobaki igharamie barabara, maji na shule. Serikali zilizofuata ziliisifu ripoti hiyo na kuiweka kabatini. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye mzizi wa mambo, na ni ajabu jinsi linavyotajwa kwa nadra kwenye kelele za leo.

Mtu anaweza kuuliza: hapakuwa na mpango? Ulikuwepo. Mwaka 1999 ulitolewa mwongozo wa ukuaji wa Dublin na kaunti zinazoizunguka. Ulisema watu waelekezwe kwenye miji michache mikubwa yenye uwezo wa kupata treni na huduma, kama Drogheda, Navan na Balbriggan. Ratoath haikuwa katika orodha. Halmashauri ya Meath, katika mpango wake wa 2001, ikatenga ardhi nyingi ya ujenzi kwenye vijiji vilivyokuwa karibu na mpaka wa Dublin. Wananchi wawili waliipeleka Mahakama Kuu. Hukumu ya mwaka 2003 ilisema sheria iliitaka halmashauri iuzingatie mwongozo, haikuilazimisha kuufuata. Kuuzingatia kukawa ni kuusoma na kuendelea na yako. Sheria ilikazwa mwaka 2010, ikazitaka halmashauri zioneshe kwamba ardhi zinayotenga inalingana na idadi ya watu iliyopangwa kwa eneo lote. Kufikia wakati huo Ratoath ilikuwa imeshajengwa.

Upande wa pili wa mkono huo ulikuwa benki. Ireland ilipoingia kwenye euro mwaka 1999, riba ilishuka. Benki zikashindana kukopesha, na katikati ya miaka ya 2000 baadhi yao zilitoa mkopo wa asilimia 100 ya bei ya nyumba, yaani mnunuzi hakuhitaji kuweka hata euro moja yake. Mwaka 2006 zilikamilishwa nyumba karibu 90,000 nchi nzima, idadi kubwa mno kwa nchi ndogo kama hiyo. Barabara nazo zilisaidia: mwaka huo huo wa 2006 ilifunguliwa njia mpya ya M2 inayoikwepa Ashbourne, na mwaka 2010 ikafuata barabara ya kulipia ya M3, iliyozua ugomvi mkubwa kwa kupita karibu na kilima cha Tara, makao ya wafalme wa kale.

Nyumba zilifika, vingine vikachelewa

Mjenzi wa nyumba za kuuza hulipwa nyumba inapouzwa. Shule, zahanati, bomba la maji taka na basi ni kazi ya ofisi nyingine, zenye bajeti nyingine na kalenda nyingine. Matokeo yake yalikuwa kama mpishi anayemimina mchele wa wageni kumi kwenye sufuria ya watu wawili bila kuongeza maji. Ratoath ilipata esteti moja baada ya nyingine, nyumba zilizofanana zikizunguka vichochoro visivyopitika kwenda kokote, wakati barabara za katikati zilibaki zile za zama za mikokoteni. Sekondari yake, Ratoath College, ilipatikana katika miaka ya 2000. Kabla ya hapo watoto walipanda basi kwenda miji ya jirani.

Na ile reli iliyong'olewa? Hakuna treni inayofika Ratoath. Kituo kilicho karibu ni M3 Parkway, kilichofunguliwa 2010 pamoja na kile cha Dunboyne, na kukifikia unahitaji gari. Kuna mabasi, lakini kwa familia nyingi maisha bila gari hayaendeki, na zenye wafanyakazi wawili huishia kuwa na magari mawili. Kwa hiyo unafuu wa bei ya nyumba ulirudi kumezwa na mafuta, bima na saa zinazopotea kwenye foleni kila siku.

Mambo hayakuharibika yote, tusitie chumvi. Familia nyingi changa zilizohamia pamoja kwa wakati mmoja zilianza kujuana kupitia watoto na michezo. Ireland ina mpira wake wa asili unaochezwa kwa mikono na miguu, ambao wachezaji hawalipwi na kwa desturi kila mtu huchezea parokia anayoishi. Klabu ya Ratoath, iliyokuwa haijawahi kushika ubingwa wa juu wa Meath, iliutwaa mwaka 2019, ikaurudia 2020 na 2022. Watoto wa zile esteti walikuwa wamekua. Wazee wa vijiji vidogo vya jirani walilalamika kwamba huo si ushindani wa haki, na kwa kweli mtu anawaelewa.

Mwaka 2008 mambo yalianguka. Serikali ilijitia mdhamini wa madeni ya benki, na miaka miwili baadaye ilibidi ikopeshwe na Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa katika mpango wa euro bilioni 85. Mafundi wakahamia Australia na Kanada. Mwaka 2010 zilihesabiwa esteti zaidi ya 2,800 ambazo hazikumalizika, nyingine zikiwa na nyumba tatu zinazokaliwa kati ya magofu. Mwaka 2013 nyumba zilizokamilishwa nchi nzima hazikufika 10,000. Tangu hapo zimepanda, lakini kati ya 2022 na 2024 zilizunguka kwenye 30,000 hivi, na mahitaji ni makubwa zaidi ya hayo. Ule mwanya wa takriban miaka kumi ya kutojenga ndio unaolipwa sasa na kila mpangaji.

Tuyaweke sawa madai mawili

Dai la kwanza: wageni ndio waliojaza vijiji. Kwa Ratoath, kalenda inalikataa. Kijiji kilizidi mara tano kati ya 1996 na 2002. Wapolandi, Walithuania na wenzao kutoka Ulaya Mashariki walipata haki ya kufanya kazi Ireland tarehe 1 Mei 2004. Ukuaji mkubwa ulikuwa umeshapita. Waliohamia wengi wao walikuwa Waayalandi, hasa familia changa zilizoshindwa na bei za Dublin. Hiyo haina maana kwamba wahamiaji hawaongezi mahitaji leo. Wanaongeza: sensa ya 2022 ilikuta asilimia 12 ya wakazi si raia wa Ireland, na baada yake Waukraine zaidi ya 100,000 walipewa hifadhi. Wote wanahitaji paa. Lakini hata asingekuja mgeni mmoja, bado kungekuwa na upungufu, kwa sababu familia zenyewe zimegawanyika. Katika miaka ya 1960 kaya ya Ireland ilikuwa na wastani wa watu wanne hivi; sasa ni 2.74. Watu wale wale leo wanahitaji nyumba nyingi zaidi.

Kuna jambo ambalo wasomaji wenye asili ya Afrika wanapaswa kulijua hapa. Mwaka 2007 mjini Balbriggan, kaskazini mwa Dublin, mji mwingine uliovimba kwa haraka, ilibidi ifunguliwe shule ya msingi ya dharura. Karibu watoto wote walioanza hapo walikuwa weusi. Shule nyingi za msingi za Ireland ziko chini ya Kanisa Katoliki, na nafasi zilipokuwa chache, watoto waliobatizwa walitangulizwa. Kanuni hiyo iliondolewa kwa shule za Kikatoliki mwaka 2018. Uhaba wa madarasa uligeuka kuwa ubaguzi wa rangi bila mtu kutamka neno rangi.

Dai la pili: kuna nyumba tupu nyingi, kwa hiyo uhaba ni uongo. Sensa ya 2022 ilihesabu nyumba 166,752 zisizo na watu, bila kuhesabu nyumba za likizo. Ni kweli ni nyingi. Lakini sensa hupiga picha ya usiku mmoja: baadhi yake zilikuwa zikiuzwa, zikikarabatiwa, au mwenyewe kafariki na ndugu hawajamaliza mirathi. Na kwa kulinganisha na nyumba zilizopo, utupu ni mkubwa zaidi magharibi, kwenye kaunti ambazo vijana bado wanaondoka. Nyumba iliyofungwa kwenye kijiji cha Kaunti ya Leitrim haimsaidii muuguzi anayeingia zamu saa moja asubuhi hospitalini Dublin. Hapa ndipo watu hukosea wakisikia "vijiji vya Ireland vinakua". Vinavyokua kwa kasi ni vile vilivyozunguka Dublin na miji mingine mikubwa. Meath ilivuka watu 220,000 mwaka 2022, zaidi ya mara mbili ya mwaka 1991, wakati vijiji vingi vya pwani ya magharibi vinahangaika kupata watoto wa kutosha shule isifungwe.

Basi kama una ndugu anayefikiria kuhamia Ratoath au kijiji kama hicho kwa sababu amesikia kodi ni nafuu kuliko jijini, swali la kodi lisiwe la kwanza. Aulize basi la mwisho kutoka Dublin huondoka saa ngapi, na gari lake litalipiwa bima kiasi gani, maana bima ya dereva mgeni kule huuma. Aulize kama shule ina nafasi kwenye darasa la mtoto wake, si kama shule ipo. Akitaka kununua, ajue kwamba tangu 2015 Benki Kuu imefunga mlango wa mikopo ya kiholela: mnunuzi wa mara ya kwanza huweka asilimia 10 ya bei, na hakopeshwi zaidi ya mara nne ya mapato yake ya mwaka, ila kwa wachache wanaoruhusiwa kuvuka kiwango hicho. Mwalimu wa kipato cha kawaida anayepiga hesabu hiyo hujikuta anasukumwa mbali zaidi, kuvuka Navan, kwenye vijiji vinavyoanza sasa safari ambayo Ratoath iliianza 1996.

Serikali inao mpango wa kurudisha treni ya Navan. Umo katika mkakati wa usafiri wa eneo la Dublin unaofika 2042, na njia inayokusudiwa itaanzia M3 Parkway kupitia Dunshaughlin. Ratoath haitapata kituo.